Mapengo Baina ya Maneno: Historia ya Usawazishaji wa Mistari katika Maandishi ya Kiswahili, kwa Kurejelea Nyanda za Juu Kusini

Ikisiri

Hati nyingi za Kiswahili zinazoandikwa kwa kompyuta huwa na mapengo yasiyolingana baina ya maneno pale mistari inaposawazishwa pande zote mbili za ukurasa. Kwa kawaida kasoro hiyo huhesabiwa kuwa ni uzembe wa mpiga chapa. Makala haya yanadai kwamba mapengo hayo ni zao la historia: historia ya ukingo ulionyooka, historia ya uamuzi wa kuandika viambishi vikiwa vimeungana na mzizi, na historia ya maarifa ya kukata maneno ambayo yaliishi mikononi mwa wapangaji herufi bila kuandikwa kuwa kanuni. Kwa kufuata hatua hizo hadi katika kompyuta za miji midogo ya Mbeya na Iringa, makala yanahitimisha kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo maneno yake hukatika kwa urahisi mkubwa, na kwamba kanuni yake ni fupi kiasi cha kuweza kufundishwa kwa mtu na kwa mashine.

1.0 Utangulizi

Igawa ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu inayounganisha Iringa na Mbeya, katika Wilaya ya Mbarali, karibu na mto uliyoipa wilaya hiyo jina. Kama ilivyo katika miji mingi ya aina hiyo nchini Tanzania, barua za maombi ya kazi, mihtasari ya mikutano, katiba za vikundi na mitihani ya shule huandikwa kwa kompyuta katika vyumba vya steshenari. Hati ikishaandikwa, mpiga chapa huiteua yote na kubonyeza kitufe cha kusawazisha, ili mistari ianzie mahali pamoja upande wa kushoto na kuishia mahali pamoja upande wa kulia. Mteja huiona kazi hiyo kuwa nadhifu na rasmi. Hata hivyo, akiisoma huona kwamba katika mstari mmoja maneno yamesongamana, na katika mstari unaofuata maneno matatu yametawanywa kama miti katika shamba lililofyekwa. Pale mapengo ya mistari kadhaa yanapofuatana kwenda chini, ukurasa hupasuliwa na michirizi myeupe ambayo wachapaji wa lugha nyingi huiita mito.

Kasoro hii huonekana pia katika tasnifu za vyuo vikuu, ripoti za halmashauri na vitabu vya kiada. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni kwamba matini ya Kiingereza iliyoandikwa kwa programu ileile, kwa herufi za ukubwa uleule na katika safu yenye upana uleule, huonesha mapengo machache zaidi. Tofauti hiyo imewafanya baadhi ya watumiaji waamini kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa ukurasa wa kisasa. Makala haya yanaichukulia imani hiyo kuwa tatizo la kihistoria. Neno huwa refu au fupi kwa sababu kuna watu walioamua liandikwe vipi, na ukurasa hulipokea vizuri au vibaya kwa sababu kuna watu walioamua zana zifanye nini.

2.0 Ukingo ulionyooka kabla ya herufi za risasi

Haja ya kuwa na ukingo ulionyooka haikuletwa Afrika Mashariki na mashine ya uchapaji. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na waandishi wake walirithi mapokeo ya ukurasa wenye fremu iliyopimwa. Muswada wa Kiswahili wa zamani zaidi unaojulikana kwa tarehe yake, ule wa Utendi wa Tambuka, unahusishwa na mwaka 1728. Mapokeo hayo yaliendelea hadi karne ya 20 katika kazi za wanakili kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye aliwaandikia watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann.

Hati za Kiarabu hutatua suala la upana wa mstari kwa njia ambayo herufi za Kilatini hazina. Kwa kuwa herufi nyingi huungana, mwandishi anaweza kurefusha kiungo kati ya herufi mbili mpaka neno lifike ukingoni. Nafasi ya ziada huingia ndani ya neno, na nafasi kati ya neno na neno hubaki karibu ileile. Aidha, kwa kawaida neno halikatwi mwishoni mwa mstari. Katika tenzi, muundo wenyewe humsaidia mwandishi, kwa kuwa vipande vya ubeti vina mizani sawa na hivyo hukaribiana kwa urefu.

Kiswahili kilipohamishiwa katika herufi za Kilatini kilipoteza uwezo huo wa kurefusha. Herufi ya risasi ina upana wake usiobadilika, kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kutanuka katika mstari ni nafasi tupu. Kuanzia hapo uzuri wa ukurasa ulitegemea mambo mawili: idadi ya nafasi zilizomo katika mstari, na uhuru wa kukata neno la mwisho.

3.0 Wapangaji herufi na maarifa ya mkono

Mambo hayo mawili yalikuwa yakifahamika tangu mwanzo wa uchapaji wa Ulaya. Katika Biblia ya mistari 42 iliyochapwa na Johannes Gutenberg huko Mainz katika miaka ya 1450, ukingo wa kulia ulinyooshwa kwa kutumia vifupisho, herufi zilizounganishwa, herufi za upana tofauti na vistari vingi vya kukatia maneno. Baadaye ufundi huo ulirahisishwa. Mpangaji herufi alikuwa na vipande vya nafasi vya upana mbalimbali, kama vile theluthi, robo na humusi ya kimo cha herufi. Mstari uliopungua aliujaza kwa kubadilisha vipande hivyo kimoja baada ya kingine, na ulipozidi alichagua kati ya kubana nafasi na kukata neno.

Ufundi huo ulifika Unguja pamoja na Misheni ya Vyuo Vikuu. Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864 akiwa pamoja na Askofu Tozer, na kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Misheni iliendesha mtambo wa uchapaji mjini humo, na miongoni mwa waliofundishwa kazi ya kupanga herufi walikuwamo vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1888 jarida la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani. Katika enzi ya Wajerumani yalifuata magazeti ya Kiongozi huko Tanga na Pwani na Bara, na chini ya Waingereza Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923.

Katika mazingira hayo, swali la mahali pa kukata neno lilijibiwa na mtu kila mstari ulipokaribia mwisho. Mpangaji herufi aliyeizungumza lugha hiyo hakuhitaji kitabu cha kanuni ili ajue kwamba neno *nyumba* hukatwa *nyu-mba*, kwa kuwa ndivyo alivyolitamka na ndivyo alivyofundishwa kusoma kwa silabi. Mpangaji herufi wa London, ambaye alipanga vitabu vingi vya Kiswahili vya misheni na vya shule bila kuijua lugha, alikuwa na mazoea ya Kiingereza ya kutenganisha konsonanti mbili zinazofuatana. Kwake *nyum-ba* lilikuwa jambo la kawaida, na kazi ya kumsahihisha ilimwangukia msomaji wa prufu.

Mitambo ya mwishoni mwa karne ya 19 haikubadilisha hali hiyo kimsingi. Linotype ya Ottmar Mergenthaler, iliyoanza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilitumia kabari baina ya maneno. Kabari hizo ziliposukumwa juu zilitanua nafasi zote za mstari kwa pamoja. Monotype ya Tolbert Lanston ilihesabu upana wa kila herufi kwa vizio, kisha ikamwonesha mwendeshaji kiasi ambacho kila nafasi ilihitaji. Hata hivyo, katika mitambo yote miwili uamuzi wa kukata neno ulibaki kwa mwendeshaji. Mashine ilitanua nafasi, lakini mtu ndiye aliyekata neno. Mgawanyo huo wa kazi ulidumu muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuyaandika maarifa ya upande wa pili.

4.0 Uamuzi wa kuunganisha na urefu wa neno

Wakati wapangaji herufi wakifanya kazi yao, wanasarufi walikuwa wakiamua neno ni nini. Lugha za Kibantu zilipoandikwa kwa Kilatini zilifuata njia mbili. Katika njia ya kuunganisha, viambishi vya nafsi, njeo na mtendwa huandikwa pamoja na mzizi. Katika njia ya kutenganisha, huandikwa mbalimbali. Afrika Kusini inatoa mfano ulio wazi. Kizulu huandika *ngiyabathanda*, neno moja, ilhali Kitswana huandika *ke a ba rata*, maneno manne, ingawa sentensi hizo zinakaribiana sana kwa muundo na kwa maana. Kiswahili kiko upande wa Kizulu: *ninawapenda*.

Katika vitabu vya sarufi vya karne ya 19 viambishi vya Kiswahili mara nyingi vilitengwa kwa vistari ili mwanafunzi mgeni auone muundo wa neno, lakini matini za kusomwa zilielekea katika kuunganisha. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, uteuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 viliithibitisha njia hiyo katika vitabu vya shule vya maeneo yote manne ya utawala wa Kiingereza. Mwelekeo huo umeendelea baada ya uhuru. Maneno ya uradidi kama *polepole* na *vilevile* huandikwa kama neno moja, na istilahi mpya kama *kiisimujamii* huunganishwa vivyo hivyo.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kiisimu. Viambishi haviwezi kusimama peke yake, na mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno zima, jambo linaloonesha kwamba masikio ya wazungumzaji hulisikia umbo zima kuwa kitu kimoja. Lakini uamuzi huo ulikuwa na matokeo ya kimaumbo ambayo hayakujadiliwa. Neno *hawatatuandikia* lina herufi 15 na halina nafasi hata moja ndani yake. Tafsiri yake ya Kiingereza ina maneno sita na nafasi tano.

Athari yake katika mstari inaweza kuoneshwa kwa hesabu nyepesi. Chukua safu yenye upana wa mapigo 30 ya taipureta na sentensi hii: *Wanafunzi hawakutuandikia walipofika Igawa.* Maneno mawili ya kwanza pamoja na nafasi iliyo kati yake yanachukua mapigo 25. Neno la tatu lina herufi 10, kwa hiyo halitoshi na linahamia mstari wa pili. Mstari wa kwanza umepungukiwa na mapigo matano, nao una nafasi moja tu ya kuyapokea. Pengo lake linakuwa la mapigo sita. Mstari wa Kiingereza wenye maneno sita, ukipungukiwa na mapigo hayohayo matano, utayagawa katika nafasi tano, na kila nafasi itakuwa ya mapigo mawili. Upungufu ni uleule. Kilichotofautiana ni idadi ya nafasi zinazoubeba.

Sasa neno la tatu likatwe baada ya silabi yake ya kwanza. Mstari unakuwa *Wanafunzi hawakutuandikia wa-*, wenye mapigo 29, na upungufu unabaki pigo moja la kugawanywa kati ya nafasi mbili. Mstari ambao haukufaa kusomwa umekuwa wa kawaida. Hivyo, lugha iliyochagua kuunganisha viambishi inahitaji kukata maneno mwishoni mwa mistari kuliko lugha iliyochagua kuvitenganisha. Uamuzi wa kwanza uliandikwa, ukajadiliwa na kusambazwa kwa mamlaka ya serikali. Uamuzi wa pili, ambao ulipaswa kuandamana nao, uliachwa kwa mafundi.

5.0 Kutoka taipureta hadi kompyuta

Maarifa hayo ya mafundi yalianza kupungua nguvu kabla ya kompyuta kufika. Taipureta, ambayo ilienea katika ofisi, shule na misheni, huipa kila herufi upana sawa na huacha ukingo wa kulia bila kunyooka. Baada ya uhuru, na hasa Kiswahili kilipopanuliwa katika shughuli za serikali kuanzia mwaka 1967, sehemu kubwa ya maandishi ya lugha hiyo yalikuwa nyaraka za taipureta zilizorudufiwa kwa stensili. Kengele ya mashine ilimwonya mpiga chapa kwamba mstari unakaribia kwisha, naye aliamua kukata neno au kuhamia mstari mwingine. Kwa kuwa ukingo haukunyooshwa, hakuna pengo lililotokea hata asipokata. Kizazi cha wapiga chapa kilijifunza kazi yake katika chombo ambacho hakikudai maarifa ya kukata maneno.

Katika kipindi hicho kompyuta hazikuwa nyingi nchini. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na masharti yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kwa upande wa karatasi juhudi zilikuwa kubwa zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikitumia miti ya misitu ya kupandwa ya eneo hilo. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini zilikuwa zikitoa karatasi yenyewe wakati ambapo namna ya kuijaza karatasi hiyo ilikuwa ikiundwa upya mbali nazo.

Uundaji huo ulifanyika kwa sehemu kubwa katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Donald Knuth na Michael Plass walichapisha mwaka 1981 njia ya kuigawa aya nzima katika mistari kwa pamoja, ili mashine iweze kurudi nyuma na kurekebisha mstari wa kwanza kwa ajili ya mstari wa tano. Mwaka 1983 Franklin Liang aliwasilisha tasnifu kuhusu namna ya kuifundisha kompyuta kukata maneno ya Kiingereza. Faili la ruwaza lililotokana na kazi hiyo lina ruwaza 4,447 pamoja na orodha fupi ya maneno ya kipekee. Wingi huo unatokana na tahajia ya Kiingereza, ambayo haimwambii msomaji waziwazi silabi inaishia wapi.

Programu za kawaida za kuchakata matini, zilizoingia katika ofisi na steshenari za Tanzania katika miaka ya 1990, hazikufuata njia ya Knuth na Plass. Zilijaza mstari mmoja baada ya mwingine kwa kutanua nafasi, na kwa chaguo-msingi hazikukata maneno. Kwa Kiingereza matokeo yake yalivumilika. Kwa Kiswahili chombo kilileta tena ukingo ulionyooka wa uchapaji wa risasi, lakini hakikuleta mkono uliokuwa ukiutunza. Mpiga chapa aliyetoka katika taipureta hakuwa na sababu ya kulijua hilo, na programu haikumwuliza. Hapo ndipo mapengo yalipozaliwa.

Juhudi za kukileta Kiswahili ndani ya kompyuta hazikukosekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ilitoa menyu za Kiswahili kwa ajili ya programu zake. Kazi hizo zilileta istilahi na ukaguzi wa tahajia, mambo yenye thamani kubwa. Hata hivyo, menyu kuzungumza Kiswahili ni jambo moja, na aya kukatwa kwa silabi za Kiswahili ni jambo jingine. Hati ambayo lugha yake haikuwekewa alama sahihi huendelea kuhesabiwa na programu kuwa ni Kiingereza. Mtumiaji akiwasha ukataji wa maneno katika hali hiyo, hupata makato yanayofuata mazoea ya mpangaji herufi yule wa London.

6.0 Kanuni fupi ya lugha yenye silabi wazi

Historia hii inaweza kufanya ionekane kwamba Kiswahili kina tatizo gumu. Ukweli ni kinyume chake. Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa pale nazali inapokuwa silabi peke yake na katika maneno fulani ya mkopo. Kwa hiyo kanuni kuu ni moja: neno hukatwa baada ya irabu. Kanuni hiyo peke yake inalinda *ch*, *dh*, *gh*, *kh*, *ny*, *sh* na *th* zisitenganishwe, na inaziweka pamoja *mb*, *nd*, *ng*, *nj* na *nz*, pamoja na konsonanti zinazofuatwa na *w* au *y*. Hivyo tunapata *ko-ndoo*, *mwa-li-mu* na *Mba-ra-li*.

Kanuni ya pili ni ya macho: zisibaki herufi chini ya mbili mwishoni mwa mstari wala mwanzoni mwa mstari unaofuata. Kwa sababu hiyo jina *Igawa*, lenye silabi tatu, lina mahali pamoja tu pa kukatwa, yaani *Iga-wa*. Neno *mtu* halikatwi, ingawa *m* yake ni silabi kamili. Kanuni ya tatu inahusu ritifaa. Jina la wilaya ya Wanging'ombe, iliyo jirani na Igawa upande wa Njombe, hukatwa *Wa-ngi-ng'o-mbe*. Programu nyingi huichukulia ritifaa kuwa alama ya kufunga nukuu, na hivyo hudhani kwamba neno limeisha hapo. Mfumo wa Unicode una alama ya ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, nayo ndiyo inayolifaa neno la aina hiyo.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili mfululizo, kama *daktari*, *askari* na *labda*, yana mitazamo miwili. Wapo wanaoifuata kanuni ya silabi wazi na kukata *da-ktari*, na wapo wanaofuata matamshi na kukata *dak-tari*. Hapa kinachohitajika ni chombo cha lugha kuchagua msimamo mmoja, kwa sababu mashine haiwezi kufuata yote miwili.

Lipo pia swali la kama neno likatwe kwa silabi au kwa mofimu. Katika *hawakutuandikia* mipaka hiyo miwili inalingana mwanzoni: *ha-wa-ku-tu-* ni silabi nne na ni mofimu nne. Ndani ya mzizi inaachana, kwa kuwa mofimu ni *andik-i-a* lakini silabi ni *a-ndi-ki-a*. Msomaji aliyefundishwa kwa silabi tangu darasa la kwanza hulipokea kato la silabi bila kusita, na kato la mofimu katika mzizi lingemwachia konsonanti isiyo na irabu mwishoni mwa mstari. Silabi basi ndiyo msingi unaofaa, na pale kato linapoangukia pia katika mpaka wa kiambishi au wa neno ambatani, kama *mwana-nchi*, huwa bora zaidi.

Wakati kanuni hii haijaingizwa katika programu, mpiga chapa ana njia za kujisaidia. Anaweza kuweka kistari cha hiari, ambacho huonekana tu pale neno linapofika mwisho wa mstari. Anapaswa kuepuka kuvunja mstari kwa lazima ndani ya aya iliyosawazishwa, kwa kuwa katika programu nyingi mstari huo hutanuliwa hadi ukingoni hata ukiwa na maneno mawili. Anapaswa pia kuondoa nafasi mbili zilizogongwa kwa mazoea ya taipureta. Na pale safu inapokuwa nyembamba, kama katika jedwali au kijarida, anaweza kuuacha ukingo wa kulia bila kunyooshwa. Mchongaji na mchapaji Mwingereza Eric Gill alitetea njia hiyo mwaka 1931 katika insha yake kuhusu uchapaji, akauacha ukingo wa kulia wa kitabu hicho bila kunyooka. Nafasi sawa baina ya maneno aliithamini kuliko ukingo ulio sawa.

7.0 Funzo kwa lugha jirani za Mbeya na Iringa

Jambo hili linazidi mipaka ya Kiswahili. Nyanda za Juu Kusini zina lugha nyingi ambazo tahajia zake bado zinatungwa au kurekebishwa. Kinyakyusa kilianza kuandikwa na wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliofika mwaka 1891. Katika karne ya 21 mradi wa lugha za Mbeya na Iringa wa shirika la SIL umekuwa ukishirikiana na wazungumzaji kuandaa alfabeti na matini za Kisangu, Kibena, Kinyiha, Kisafwa na nyinginezo. Katika kazi ya aina hiyo swali la kuunganisha au kutenganisha hurudi upya kwa kila lugha. Baadhi ya lugha hizo zina irabu ya mwanzo kabla ya kiambishi cha ngeli, kama katika neno la Kinyakyusa *umundu*, yaani mtu. Irabu hiyo hurefusha neno, na haiwezi kuachwa peke yake mwishoni mwa mstari.

Historia ya Kiswahili inatoa tahadhari kwa kazi hiyo. Tahajia ikiamuliwa kwa kutazama neno lililo peke yake ubaoni, gharama yake huonekana baadaye katika aya, katika safu na katika kitabu. Lugha itakayochagua kuunganisha viambishi, hata kwa sababu bora kabisa, inahitaji kanuni ya ukataji iandikwe siku hiyohiyo na kuwekwa katika mwongozo uleule wa tahajia. Vinginevyo msomaji anayeanza kujisomea lugha yake ya kwanza atakutana na ukurasa wenye mapengo, na huenda akahitimisha, kama wengi walivyohitimisha kuhusu Kiswahili, kwamba lugha yake haikuumbwa kwa ajili ya kuandikwa.

8.0 Hitimisho

Mapengo yanayoonekana katika hati za Kiswahili yana sababu tatu zilizokutana. Hati za Kilatini zilihamishia mzigo wote wa kusawazisha mstari katika nafasi tupu. Tahajia ya kuunganisha ilipunguza idadi ya nafasi hizo. Kompyuta ilidumisha ukingo ulionyooka huku ikiyaacha nje maarifa ya kukata maneno, ambayo hayakuwahi kuandikwa kwa kuwa yalidhaniwa kuwa mali ya kudumu ya mafundi. Mpiga chapa wa Igawa amerithi matokeo ya hatua hizo zote bila kupewa kanuni ambayo mwenzake wa Kiungani aliitumia kila siku.

Kiingereza kilihitaji ruwaza zaidi ya elfu nne ili mashine iweze kukikata. Kiswahili kinahitaji kanuni chache zinazoenea katika nusu ukurasa, pamoja na uamuzi mmoja kuhusu maneno ya mkopo. Kanuni hizo zikiwekwa rasmi na asasi za lugha, zikiingizwa katika programu na kufundishwa katika kozi za uhazili na uhariri, tasnifu na vitabu vya shule vitasomeka vizuri zaidi bila kubadilisha herufi hata moja ya tahajia iliyopo.